Mukwe Anayekohoa Jikoni

Jumatatu, 8 Julai

Chai ya mchaichai, sukari hakuna. Kiporo cha bukari, ugali wetu, nimekichoma kwenye makala ya moto, kimekuwa kigumu kama kisigino. Upepo wa ziwa umeamka kabla yangu. Mlango wa jikoni haufungi vizuri, kwa hiyo nimelala na upepo, juu ya magunia matupu, kama muhogo unaongoja kupelekwa sokoni. Mgongo unalalamika. Ninayo nyumba ya vyumba viwili, bati juu, kitanda cha mbao ngumu. Simo ndani yake.

Ndani yumo Mama mukwe. Ameteremka kutoka Kirungu, kwa lori mpaka Moba kisha kwa boti, na kifua kinachopiga filimbi. Alikuja ili binti yake ampeleke hospitali. Binti yake, yaani mke wangu Vumilia, alikuwa ameshapanda treni kwenda Lubumbashi kuuza samaki wakavu. Wamepishana, mmoja majini, mwingine relini. Aliyebaki ni mimi.

Kwa watu wengine hilo lingekuwa jambo dogo. Kwetu kuna bukwe. Mukwe na mama mukwe hawatazamani usoni. Hawalali chini ya paa moja. Nikipita uani lazima nikohoe, ili ajifunike au ageuke. Na hawezi kula kilichotoka mkononi mwangu, wala mimi mkononi mwake, mpaka siku atakaponifungua kinywa: anapika kuku na bukari, anamega tonge la kwanza analila mwenyewe, kisha ananisogezea sahani. Kuanzia hapo tunakuwa watu. Siku yetu imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza mume wake alifariki. Mara ya pili boti la Moba liliharibika, kuku akaliwa na wageni wengine. Baadaye kila mtu akazoea. Sasa nina mvi na kinywa changu bado kimefungwa.

Jumanne, 9 Julai

Hospitali. Tulikwenda kwa mstari: mimi mbele, Mama Feza katikati, Mama mukwe nyuma. Mama Feza ni jirani, Mubembe wa kule Baraka. Aliteremka huku na kaka zake wavuvi, sasa anauza ndakala, dagaa wa ziwa, ufukweni, na Jumapili anaimba kwaya. Sauti yake haina kifuniko. Leo alikuwa mpaka wa nchi mbili. Mama mukwe akitaka kupumzika anamwambia yeye, yeye ananiambia mimi, ingawa nimesikia.

Muganga alimgonga mgongo kwa vidole kama anayechagua tikiti sokoni. Baridi imeingia mapafuni. Akatoa vidonge. Akanivuta pembeni, akaniita raia kwa Kifaransa chake: "Sitwayen, dawa hizi zina nguvu kuliko yeye. Asipokula zitamwangusha zenyewe. Chakula cha moto, kinywaji cha moto, asubuhi na jioni."

Wakati wa kurudi wao walitangulia. Kumwona mgongo kunaruhusiwa. Kitenge kimemzunguka mara mbili na bado kinabaki. Naogopa. Naandika hivyohivyo: naogopa. Vumilia akirudi akute kaburi, nitamwambia nini? Kwamba nilimheshimu mama yake mpaka akafa?

Jumatano, 10 Julai

Mama Feza amepika uji wa muhogo na mchuzi wa ndakala. Vimerudi kama vilivyokwenda. Mama mukwe amesema, kwa heshima yote, kwamba hawezi kunywa ziwa. Kwao mulimani wanakula ulezi, maharagi, viazi, maziwa ya ng'ombe wa Pepa. Amesema pia kwamba baridi ya Kirungu ni baridi ya haki, inakupiga usoni na unajua umepigwa. Hii ya Kalemie inaingia kama mwizi, kwa dirisha la nyuma.

Sauti ilikuwa ndogo mno kwa maneno mengi hivyo.

Vidonge amemeza. Chakula hapana.

Alhamisi, 11 Julai

Jana jioni hakula. Leo asubuhi, Mama Feza ananiambia, alisimama kwenda chooni akashika ukuta, akakaa tena.

Nimefikiri. Bukwe inamkataza kula nilichopika. Haijasema lazima ajue nani amepika. Labda imesema, lakini hakuna aliyeniandikia. Nimepika.

Mwanaume wa umri wangu haonekani na mwiko, kwa hiyo nimesukuma kinu nyuma ya mlango. Sikufundishwa na mtu. Nimemtazama tu Vumilia miaka yote hii. Macho hayalipi kodi. Unga wa ulezi, ambao Mama mukwe alikuja nao mwenyewe kwenye kifurushi, nimeukaanga mkavu mpaka ukanukia. Kalanga nimezitwanga. Tangawizi, kipande kama kidole gumba. Asali yake ya mulimani mwishoni kabisa, sufuria ikishatoka motoni, kwa sababu Vumilia hufanya hivyo. Sababu ya sababu siijui. Sufuria ya kwanza iliungua chini. Ya pili iliungua kidogo.

Mama Feza amelificha bakuli chini ya kitenge, akazunguka nyumba yake yote, akaingia kwa mlango wa mbele kama anatoka kwake. Alirudi ameshika tumbo kwa kicheko. "Papa Mulongo, amekula nusu! Anasema leo njo nimejua kupika!"

Nusu. Nimekaa juu ya kinu.

Jumamosi, 13 Julai

Asubuhi salongo, kazi ya lazima ya mtaa. Tumefagia barabara ambayo upepo unaifagia bure. Kisha bandarini, kuhesabu magunia. Magunia hayakuja. Wenzangu wameuliza kwa nini nanuka kitunguu. Nimesema ni manukato mapya kutoka Kigoma. Mmoja ameuliza yanapatikana kwa nani.

Mchana: maharagi na viazi vya mulimani Marungu, nimeviponda pamoja na kitunguu na mawese mpaka vikawa rojo, chakula kisichodai meno. Amemaliza bakuli. Jioni: maji ya moto, ndimu, mchaichai, asali. Amemaliza kopo.

Nasikia yote. Ukuta wa jikoni unagusana na chumba chake, ingawa kila upande una paa lake, na una tundu ambalo niliahidi kuliziba tangu zamani. Uvivu wangu una faida zake.

"We Feza," alisema leo, "unapika sawa muntu wa mulima. Na mukwe wangu, anakula wapi?"

"Anakula kazini, Mama."

"Eeh. Kula njo anajua, yule. Mikono yake imefanya nini tangu aoe mutoto wangu? Kuhesabu magunia ya bantu!"

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nimeendelea kukoroga.

Amesifu jambo moja tu. Kwamba nakohoa vizuri nikipita. Waume wa binti zake wengine wanapita uani kama mbuzi.

Jumapili, 14 Julai

Mama Feza amekuja mbio kutoka kwaya, bado na kitambaa cheupe kichwani. "Papa Mulongo, anataka munkoyo. Munkoyo njo nini?"

Kwao kaskazini hawaujui. Nimemweleza: unapika uji mwepesi wa mahindi, unaupoza, unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, unauacha ulale. Kesho yake ni kinywaji kitamu chenye uchachu kidogo. Kinampa mgonjwa nguvu, kinafungua tumbo, hata mtoto anakunywa. Akasema kwao uji ukilala unapewa nguruwe. Sikubishana. Yeye ndiye miguu yangu.

Mizizi nimeipata sokoni kwa mama mmoja wa Moba. Ameniuliza kama mke wangu anaumwa, mpaka nimekuja kununua mwenyewe. Nimesema ndiyo. Ukweli ungekuwa mrefu.

Usiku huu baridi ni kali, na nimehofu munkoyo hautachacha. Nimekisogeza chungu karibu na mbabula, jiko letu la makala. Kwa wema kabisa.

Jumanne, 16 Julai

Siku mbaya. Naiandika taratibu.

Jana alikunywa munkoyo kopo baada ya kopo. Jioni aliimba nyimbo za harusi, zile ambazo wanaume hatupaswi kuzisikia. Mama Feza alisema ni dalili ya kupona. Tulicheka.

Leo asubuhi hakuna sauti. Mama Feza alikuwa ameshakwenda ufukweni. Ndakala hawamngoji mtu. Nilipita uani nikakohoa. Kila asubuhi akinisikia anavuta mkeka, au anajibu kwa kikohozi chake. Leo kimya. Nikakohoa tena, kwa nguvu. Kimya.

Dirisha lipo. Pazia ni kitambaa tu, kidole kimoja kingetosha. Sikuweza. Nikimkuta yu hai na hajajifunika, nimemvunjia heshima ambayo haiundwi tena. Nikimkuta amekufa, basi jicho langu ndilo la mwisho kumtazama, na la kwanza. Nilisimama pale katika upepo, na tiriko langu, sweta lenye matundu, mtu mzima, nakohoa kwenye ukuta wa nyumba yangu mwenyewe.

Nikarudi jikoni kuonja chungu. Haikuwa munkoyo tena. Ilikuwa pombe ambayo ingeweza kuvuta treni. Moto wa mbabula ulikuwa umeipika upya. Nikajua: nimemnywesha pombe mgonjwa wa kifua, juu ya dawa.

Nilirudi kukohoa. Nilikohoa mpaka koo likachanika, mpaka jirani wa upande wa pili akanyanyua kichwa juu ya ua wa matete kuniuliza kama nimemeza mwiba. Nikasema ndiyo. Siku hizi nasema ndiyo kwa kila kitu.

Ndipo ndani kukatoka mkoromo. Mrefu, wa msumeno, wa mtu mwenye mapafu.

Amelala tu. Jua lilikuwa juu alipoamka, na akasema kwa sauti kubwa, kwa mtu yeyote, kwamba ana njaa. Mama Feza alipofika amempelekea viazi. Amekula vyote, akauliza kama munkoyo umebaki.

Nimeumwaga. Nimekaa. Kikohozi changu hakikukaa. Kimeendelea chenyewe, bila mtu wa kuheshimiwa.

Alhamisi, 18 Julai

Kikohozi hakiondoki. Kichwa kizito. Magunia yananichoma ubavuni. Uji nimepika, ulezi, na nimeunguza chini kama kawaida.

Habari za stesheni: treni ya Vumilia imekufa njiani, upande wa Kabalo. Wanangoja kipuri. Kipuri kinangoja barua. Wasafiri wanapika kando ya reli. Nimemfikiria, na kitambaa chake kichwani, anakoroga sufuria ya watu wasiomhusu. Tunafanana.

Mama mukwe anaota jua mbele ya nyumba sasa. Filimbi ya kifua imeshuka. Mama Feza ameniletea maneno yake: "Anasema mukwe wake amezidi heshima. Anakohoa hata akiwa amelala!"

Nimecheka. Imeuma kifuani.

Ijumaa, 19 Julai

Mama Feza ameondoka. Dada yake amefiwa na mume kule Baraka, na kulikuwa na boti linalopanda. Amekuja na kifurushi kichwani, macho mekundu.

"Papa Mulongo, sasa utafanya je? Mwambie tu ukweli."

"Kwa kinywa gani?"

Amenitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeng'ang'ania kiatu kidogo. "Nyinyi bantu ya bukwe," amesema, "mutakufa na adabu yenu." Kisha akaenda. Simlaumu. Nimebaki na chakula na sina miguu ya kukipeleka.

Jumamosi, 20 Julai

Salongo sikwenda. Nimepika. Nimeweka bakuli la uji kizingitini kwake, limefunikwa na sahani. Nimekohoa, nikarudi jikoni, nikageukia ukuta. Niliposogea tena, sahani ilikuwa palepale. Uji ulikuwa umeota ngozi.

Mchana nimeweka maharagi na viazi. Nimekohoa. Palepale. Mwishowe kuku wa jirani wamekula, na hawakuuliza nani amepika.

Nimeelewa. Bakuli lililobebwa na Mama Feza lilikuwa la Mama Feza. Bakuli lililojileta lenyewe ni langu. Naye hawezi. Nimesikia kikombe cha maji, na vidonge vikimezwa juu ya tumbo tupu. Muganga alisema dawa zitamwangusha. Filimbi imeanza tena.

Leo nimeichukia bukwe. Nimemchukia na yeye kidogo. Nimejichukia mimi kuliko wote: mvi kichwani, mwiko mkononi, na siwezi kumwambia bibi mgonjwa neno moja kupitia tundu ninalopitisha masikio kila siku.

Jumapili, 21 Julai

Homa. Natetemeka. Makala yamezimika, sijayawasha. Sikupika. Nilijaribu kusimama, kinu kikanipokea.

Yeye hajala. Mimi sijapika. Nakohoa tu. Vumilia, njoo.

Jumatatu, 22 Julai

Nimeamshwa na harufu. Ulezi unakaangwa mkavu, pale panapoanza kunukia kama ardhi iliyopata mvua. Nilidhani ni homa. Lakini mbabula haikuwa mahali pake. Moshi ulikuwa unatoka uani. Na juu yangu kulikuwa na blanketi ambalo si langu, la sufu, linanuka moshi wa Kirungu.

Kisha kikohozi mlangoni. Kidogo, cha adabu. Si changu.

Nimegeukia ukuta, kama inavyotakiwa. Nimesikia miguu ikiburuta polepole, ikipumzika, ikiburuta tena. Bakuli limewekwa sakafuni. Miguu imerudi. Nimengoja mpaka nimesikia mkeka ng'ambo ya ukuta, na pumzi inatafutwa.

"Mama Feza!" sauti ikaita. "Mwambie mukwe wangu uji unapoa."

Mama Feza yuko Baraka, kwenye kilio cha shemeji yake.

"Mwambie nilisema anakohoa kwa heshima. Jana njo nikajua: heshima haina homa." Akapumua. "Na umwambie ulezi wake unaungua chini, kila siku ya Mungu. Na munkoyo haiwekwi karibu ya moto, hata kukiwa baridi namna gani. Babembe habajue munkoyo, Mama Feza. Mimi ni muzee. Si mujinga."

Nimelala nikitazama tofali. Kwa hiyo tangu ile siku ya munkoyo. Alijua, akala, akanitania, akaomba kingine.

Nimetambaa mpaka kwenye bakuli. Uji wa ulezi, mzito, kalanga zimetwangwa vizuri kuliko nilivyowahi kutwanga, asali imetiwa mwishoni. Pembeni, kwenye ukingo, kulikuwa na shimo dogo la kijiko. Kimoja kimeshachotwa. Cha kwanza ameshakula yeye.

Hakuna kuku. Hakuna bukari, hakuna ndugu waliokaa kwenye viti vya kuazima, hakuna Vumilia, ambaye atakasirika kwamba tumeyafanya bila yeye.

"Mama Feza," nimesema. Sauti yangu ilikuwa ya chura. "Mwambie asante."

"Amesikia," sauti ikajibu.

Nimekula mpaka chini. Haukuungua. Chumvi ilizidi kidogo. Hilo sitamtuma mtu kulisema. Upepo umelegea. Nimejifunika blanketi mpaka masikioni, nikabaki nikisikiliza, kupitia lile tundu, kijiko kingine kikigonga bakuli upande wa pili.